Matoleo Mapya, Mwezi wa Saba

Basi la usiku limeshusha boksi moja Nanyamba,
na Sharafi hakulifungua mpaka nilipofika:
anajua nikikuta kona imekunjwa, sichukui.
Vitabu vitatu vipya, elfu nne kila kimoja.
Kwenye daftari lake kaandika: Nandule, mpaka mnada wa kwanza.
Nimevisoma vyote kwa taa ya sola, kimoja mara mbili,
na nina la kusema.

Mwana wa Radi, namba kumi na tisa:
kafa tena.
Hii ya tatu, na jeneza ni lilelile,
mchoraji hata misumari hakubadilisha.
Kifo cha kwanza nililia, sikatai, nilikuwa darasa la sita;
mama aliponiuliza nikasingizia moshi.
Safari hii nimeanzia ukurasa wa mwisho,
na kweli, kidole kinacheza chini ya udongo.
Kwetu aliyekufa anasomewa arobaini, nguo zake zinagawanywa.
Huyu hata viatu vyake bado viko mlangoni.
Waandishi, mnatuonea.
Machozi nayo yana akiba,
na yangu mmeyamaliza kwa mtu asiyekaa kaburini.

Bi Sumaku, namba nne. Hapa nasema taratibu.
Amerudi kwao kumuuguza mama yake,
na ukurasa wa kumi na moja hauna neno:
anaosha vyombo uani,
mifuniko ya sufuria inamganda mgongoni, mmoja, mmoja,
mama anaibandua, anaipanga,
wala hamtazami usoni.
Ukurasa huo niliuacha wazi juu ya mto, nikalala pembeni yake.
Ila mchoraji mpya hawezi mikono.
Mwanamke nguvu zake zote zi viganjani,
wewe unamtia mikono mifukoni kurasa nane!
Chora vibaya, tutakuzoea.
Usifiche.

Cha tatu ndicho kilichonikosesha usingizi.
Kinyago Cheupe, namba moja, shujaa mgeni.
Ananing'inia ghorofani kwa mkono mmoja
akihutubia juu ya haki, kurasa mbili nzima, ndani ya kinyago.
Ndugu yangu, umewahi kuvaa?
Mimi naamka saa kumi, umande ungali kwenye mikorosho,
nafunga barakoa, miwani, koti la mvua la marehemu baba,
mashine ya salfa inanguruma mgongoni, mabega yanaomba radhi.
Jua likitoka nimekuwa wa njano mpaka kope,
watoto wa kina Mtimbwa wananikimbia wakicheka.
Mle ndani hamna hotuba.
Mna pumzi yako mwenyewe, inanuka ugali wa jana,
na neno moja tu: maji.

Halafu eti mkewe hamjui!
Wanakula sahani moja, kinyago kinaishia puani, sauti ileile.
Mjomba Likapa alipocheza lipiko
kijiji kizima tulimjua kwa kidole gumba kilichokatwa na jembe,
na hakuna aliyemtaja.
Mkewe alikimbia akipiga kelele kama sisi sote,
usiku akampakulia chakula,
hakumuuliza alikotoka.
Siri ninayoijua mimi ni hiyo, ya kubebwa na wengi.
Huyu wa kwenye kitabu kabeba yake peke yake
na bado inavuja.

Wallahi nilikuwa nakirudisha.
Nimeshakifunga kwenye gazeti na kamba nimeikaza.
Lakini ukurasa wa mwisho, pembeni chini,
kuna picha ndogo kama stempu, nusura niiruke:
amevua, yuko jikoni, anakunywa maji kwa kata,
na shavuni pana mfereji wa mpira uliombana,
mstari mmoja wa wino, mwembamba kama uzi.
Nikagusa langu.

Sharafi, namba mbili niwekee.
Na kona zisikunjwe.